Herufi saba

Fundi wa marumaru pale karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, anahesabu kwa herufi. Jiwe la kaburi lina bei yake, halafu kila herufi ni shilingi 80, nafasi ya katikati ya maneno hakulipishi, hiyo alinambia kama ananifanyia hisani. Nkampa karatasi nliyokuwa nimeandika nyumbani, akavua miwani akaifuta kwa shati akaivaa tena, akaanza kuhesabu kwa ncha ya penseli huku midomo inamcheza, alipofika mstari wa mwisho akasimama.

"Na mgeni," akasoma. "Mgeni nani?"

Nkamwambia mgeni tu.

"Hana jina?"

"Hatulijui."

Akaniangalia kidogo. "Kaka, hapa ukipatoa unaokoa mia tano sitini."

Hakuwa na ubaya, alikuwa ananifanyia hesabu. Na mimi niseme ukweli, nlisimama pale jua limenipiga kisogoni nkafikiria, sababu pesa zenyewe ni za mchango, huyu katoa mia mbili yule katoa mia tano, kuna mtu kaahidi tangu Ramadhani mpaka leo. Nkamwambia asianze kwanza, nkapiga picha ile karatasi nkaitupa kwa grupu la familia la WhatsApp na swali, jamani hii "NA MGENI" tuiache ama tuitoe? Ndo kosa nlilofanya.

Kaburi lenyewe liko Kwale, upande wa Msambweni, kabla hujavuka mto Ramisi. Unavuka feri Likoni, unapanda matatu ya Lunga Lunga, unashuka barabarani halafu boda inakuingiza ndani kwenye minazi na mikorosho mpaka uone msikiti mdogo wa mabati. Ni kwa kina mamangu huko. Sio kaburi la kawaida la mtu mmoja, ni bamba la simiti pana kama milango miwili iliyolazwa, limelala chini usawa wa ardhi, na juu yake kuna maandishi yaliyoandikwa kwa msumari simiti ikiwa mbichi. Aliyeandika ni ndugu yake babu na hakuwa mtu wa kalamu sana, N zake zote zimegeuka, na alipoanza neno la juu hakupima, kwa hivyo linaanza kubwa linaisha dogo, ELININYO halafu 1997 imeshuka chini kwa kukosa mahali. Chini yake majina manne, hayo ntayaacha ni ya wenyewe. Mjomba wangu, mkewe, na watoto wao wawili. Halafu NA MGENI. Kwenye pembe moja kuku alipita simiti haijakauka, nyayo zipo mpaka leo, vidole vitatu mbele kimoja nyuma, tulipokuwa watoto tulikuwa tunaweka vidole vyetu humo.

Sasa vuli ya 2023, ile mvua ya Novemba iliyotulaza macho huku pwani nzima, ilikula udongo upande mmoja na bamba likapasuka katikati, ufa ukapita juu ya jina la mkaza mjomba. Ndo tukaanza kuchanga, na mnajua mambo ya kuchanga, tangu hapo ndo leo.

Wale mliokuwa Mombasa 1997 mnaujua ule mwaka. Mimi nlikuwa na miaka sita na mengine nmehadithiwa. Mwezi wa nane tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, ikaanza ile vita watu waliyoiita ya Kaya Bombo, zaidi ya watu mia wakauliwa, maelfu wakahama na magodoro vichwani, wengine wakalala kanisani pale Likoni. Watalii wakapotea. Mamangu hakuvuka feri tena kwenda kwao, kila wiki anasema wiki ijayo hali itakuwa imetulia. Halafu Oktoba mvua ikaanza.

Na ilikuwa vuli! Huku kwetu vuli ni mvua ya kupita tu, mvua yenyewe tunayoiogopa ni ile ya mwaka, ya Aprili na Mei, ndo inayojaza mashimo ya choo na kubomoa kuta, vuli inakunyeshea asubuhi mchana ushaanika nguo. Ile ya 97 haikukatika. Nnakumbuka mimi maji yamesimama barazani kwetu Kisauni na babangu ametandika mawe tunaruka jiwe kwa jiwe kwenda shule, mpaka shule nayo ikafungwa. Barabara ya Nairobi ikakatika malori yakalala njiani, sokoni Kongowea viazi vikaadimika na mama akawa anapika muhogo asubuhi na jioni muhogo. Kipindupindu nacho kikaingia. Na kila mtu neno ni moja, Elninyo, Elninyo, mimi nlidhani ni mtu, jini fulani hivi mwenye ndevu, mtoto wa jirani alikuwa ananiambia ukilia usiku Elninyo anakusikia.

Baadae sana nkaja kusoma kwamba ile bahari ya Pasifiki ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na hii yetu ya Hindi nayo upande wetu wa Afrika ikapata joto kuliko upande wa Indonesia, sasa maji ya moto yanapanda kuwa mvuke na mvuke wote ule ukaja kumwagikia kwetu. Hiyo ya Bahari ya Hindi wanasayansi walikuja kuipa jina lake 1999, sisi tushazika miaka miwili. Na El Niño lenyewe ni neno la Kihispania, maana yake mtoto wa kiume, wavuvi wa Peru ndo walioyaita hivo yale maji ya moto kwa vile yalikuwa yanawajia karibu na Krismasi. Siku nliyomwambia nyanya hivyo alikuwa anakuna nazi, hata hakuinua kichwa. "Basi huyo hakufunzwa na mamake," akasema, akaendelea kukuna.

Mjomba alikuwa na nyumba ya mawe. Hii lazima nielezee kwa sababu watu wakisikia nyumba imeangukia watu shamba wanafikiria nyumba ya udongo, na haikuwa hivyo. Ya udongo ilikuwa ya nyanya, hatua kama thelathini hivi kutoka hapo, fito na udongo na makuti juu, ile mvua iliila ukuta wa nyuma ukamung'unyuka pole pole, leo bonge kesho bonge, mpaka ukabaki unaona fito kama mbavu za ng'ombe lakini nyumba imesimama. Ya mjomba ilikuwa mawe ya tumbawe. Aliyachimba na kuyachonga mwenyewe, miaka, babake alikuwa kibarua wa miwa pale Ramisi siku za kiwanda cha sukari na yeye akaapa hatakufa kwenye nyumba ya fito. Maskini. Sasa mawe alikuwa nayo lakini simiti ni pesa, kwa hivyo katikati ya jiwe na jiwe akafungia udongo, halafu nje akapiga plasta nyembamba ya simiti kwa uso, ukiiangalia nyumba ni nyumba. Wengi wanajenga hivyo na kwa mvua ya kawaida haina neno. Lakini mvua ya wiki kwa wiki ikipata ufa mmoja tu kwenye plasta inaingia nyuma yake, ule udongo wa ndani unakuwa uji, na plasta inaushikilia uji ule usimwagike, kwa hivyo nje huoni kitu. Hakuna bonge linaloanguka kukutahadharisha. Ukuta unasimama mzuri mpaka dakika unayoacha kusimama.

Ilikuwa usiku baada ya Isha. Dada yangu, yaani binti mkubwa wa mjomba, ndo aliyebaki hai katika watu wa nyumba ile, na yeye anasema hakusikia kishindo, alisikia kama mtu ameshusha gunia la mchanga.

Kuzika nmehadithiwa na babu kabla hajafariki, na kila akihadithia alikuwa anasimama mahali pale pale, kwenye maji. Walichimba kwenye kijilima, penye msikiti sasa, lakini kila wakishuka kiunoni shimo linajaa maji, wawili wanachimba watatu wanachota kwa ndoo. Kila mtu kaburi lake haikuwezekana. Imamu akasema dharura ina hukumu yake, hata siku ya vita vya Uhud, zama za Mtume, walizikwa wawili watatu pamoja, chimbeni moja pana. Mwanandani, kile kishimo cha ubavuni mwa kaburi anapolazwa maiti, haukuchimbika, udongo ukichongwa tu unaporomoka, kwa hivyo wakawafunika kwa mbao, na mbao hazikuwepo, wakang'oa milango ya ile nyumba ya mjomba. Mvule. Babu alikuwa anasema milango ile mjomba aliilipia miezi minane. Sanda ya kutosha watu watano haikupatikana, duka lililokuwa na bafta lilikuwa ng'ambo ya mto, nyanya akatoa mashuka yake meupe. Na yule mgeni, kwa vile hakuwa maharimu wa mjomba, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kuoana naye, wakamweka mwisho kabisa upande wa watoto na kati yake na wenziwe wakajaza kizuizi cha udongo. Walijua ni Muislamu kwa sababu dada alimsikia akitoa salamu mlangoni.

Imamu pia aliwaambia wasilie sana, aliyekufa kwa kuangukiwa na ukuta ni shahidi, na aliyezama maji ni shahidi, imo kwenye hadithi. Babu hilo alilishika mpaka mwisho. Nyanya sijawahi kumsikia akilitaja.

Mimi mambo ya hesabu yananikera kidogo, samahani ntatoka nje ya hadithi. Feri ya Mtongwe 1994 kila mtu Mombasa atakwambia 272, hata mtoto. Tsunami ya 2004, Kenya alikufa mtu mmoja, kule Watamu, na tunamjua ni mmoja kwa sababu alihesabiwa, na Somalia hapo juu walikuwa karibu mia tatu. Lakini kwa kina mamangu 1997 hakuna aliyekuja na kalamu. Barabara imekatika, uchaguzi uko Desemba, nani atakuja? Kwa hivyo daftari lilikuwa ni lile bamba. Ndugu yake babu alivuka mto maji yaliposhuka akanunua mifuko miwili ya simiti kwa pesa za kuuzia mbuzi, akaandika kwa msumari. Na alipomaliza majina ya watu wake akaendelea mstari mmoja zaidi.

Haya, grupu la WhatsApp.

Wa kwanza kujibu ni binamu yangu aliye Saudia kazini, yeye ndo mtoaji mkubwa kwa hivyo anajibu kama mtoaji mkubwa, akasema 560 ni pesa ya kiroba cha mchanga, itolewe. Akafuata mjomba mdogo, ustadh wetu, na yeye hakuzungumzia mgeni kabisa, alituma sauti ya dakika nne kwamba Mtume amekataza kaburi kupigwa plasta na kujengewa, na maandishi nayo wanazuoni wengi wameyachukia, kwa hivyo sisi tunabishana herufi saba wakati zote hazifai. Ni kweli, hadithi hiyo ipo, na ustadh ni mtu wa msimamo, lile bamba la 1997 alilipinga akiwa kijana wa madrasa, babu alimjibu kwa bakora. Shangazi mmoja akaweka emoji za kulia. Halafu kuna kijana, simtaji, akaandika "mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, huyu wetu ana miaka mingapi? apewe jembe 😂😂" na watu wakacheka, mimi pia nlicheka, wallahi nlicheka, ile ya peke yako umeshika simu kwenye tuktuk.

Mamangu alisoma, ile alama ya bluu ilionekana, hakuandika kitu.

Jioni ikaingia M-Pesa. Shilingi 560 kamili, kutoka kwa dada. Hakuna ujumbe na kwa grupu hakuandika. Nkampigia hakushika, akanitumia neno moja, "njoo".

Dada anakaa Ukunda, ameolewa, ana watoto watatu na kibanda cha viazi karai na bajia. Nlienda Ijumaa, nkamkuta amekaa kwenye mkeka uani anachambua mchele, akanikaribisha, akanipa chai ya tangawizi, akarudi kwenye mchele wake. Mimi na yeye tumekuwa pamoja miaka mingi, nyanya alipozidiwa dada alikuja kukaa kwetu Kisauni akasomea huko, tumegombania chapati, lakini hii hadithi sikuwahi kuisikia kwake. Tulijua tu alikuwa amelala kwa nyanya siku ile. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Alikuja kabla ya magharibi," akaniambia. "Nlikuwa na miaka tisa. Alisimama kwenye mchirizi pale, maji ya paa yanammwagikia begani, hasogei ndani mpaka aitwe. Akasema hodi, akatoa salamu. Tope mpaka magotini. Ana kikapu amekifunika na nailoni, yani yeye ameloa lakini kikapu amekikumbatia hivi, kama mtoto."

Nkamuuliza mjomba alimkaribisha mara moja? Kwa sababu ule ndo mwaka wa Kaya Bombo, watu walikuwa wakisikia hodi usiku wanazima taa. Dada akasema babake alitoka na tochi, wakaongea pale mlangoni. Yule mama alikuwa ametoka Mombasa, gari lake limefika mtoni limekwama, mto umepanda juu ya barabara na dereva amesema hapiti, abiria wengine wamerudi Ukunda yeye hakutaka kurudi, alisema ana miadi mbele.

"Jina?"

"Alilitaja."

Akaacha mchele.

"Babangu alimuuliza na yeye akalitaja jina lake na la ukoo wake. Mimi nlikuwa jikoni napuliza moto, kuni zimeloa, moshi, machozi. Nlisikia sauti, sikusikia jina. Mamangu alisikia maana aliitikia akasema oo. Wote walilisikia."

Mimi miaka yote nlikuwa nadhani hawakumuuliza. Yani kichwani mwangu mgeni hana jina kwa sababu alifika usiku watu wamechoka. Kumbe waliuliza, wakajibiwa, na wote waliojibiwa wako chini ya milango ile.

"Basi wakala," dada akaendelea, "na mimi nkala. Halafu mama akaniambia, wewe leo kalale kwa nyanya, mpishe mgeni. Kitanda changu kilikuwa pale kwenye ukuta wa kusini. Nkanuna, si unanijua. Mvua vile, giza, nitolewe kitandani kwangu kwa mtu simjui. Nkachukua mto wangu, nkajifunika gunia kichwani nkatoka, sikuaga. Yule mama akaniita akaniambia Mungu akubariki mwanangu, nkajifanya sisikii."

Mtoto wake mdogo alikuja hapo akataka pesa ya barafu, akampa, akamfuta pua. Sikujua niseme nini kwa hivyo nkanywa chai iliyopoa.

Ukuta wa kusini ndo ulioanza.

Halafu akainuka akaingia ndani, nkasikia sanduku linaburutwa, akatoka na kitu kimefungwa kwa nailoni ya kale ile nzito ya rangi ya maziwa imeshakuwa ya njano. Akafungua kwenye mkeka. Doti ya kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, mbichi kabisa, vipande viwili bado vimeshikana havijakatwa wala kupindwa, imenyooka kwenye mikunjo ya dukani, na inanuka udi mpaka leo ama labda ni sanduku. Ndo iliyokuwa kwenye kikapu. Walikikuta siku ya tatu walipokuwa wanatoa mawe, kikapu kimebanjika, halua iliyokuwemo imekuwa maji, kisutu hakikuguswa hata na tone.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa kisutu ni cha nini. Harusi haiendi bila kisutu. Huyu mama alikuwa anapeleka kisutu kwa bibi harusi, ndo maana hakutaka kurudi Ukunda, ndo miadi. Mahali fulani mbele ya mto Ramisi kulikuwa na msichana anasubiri, na mtu akamwambia shangazi yako hakuja, ama mamako mdogo hakuja, ama somo, na mvua zile labda wakaahirisha labda hawakuahirisha, wakaazima kisutu cha jirani. Kanga nyingine ingekuwa na jina, ungesoma maneno yake ukapata pa kuanzia. Kisutu hiki hakina maneno.

Nyanya aliichukua akasema hii ni amana, akaiweka. Maji yaliposhuka alimtuma babu Vanga, kwa sababu asubuhi wakati wanamuosha kuna mwanamke mmoja wa pale aliyepanda gari moja naye kutoka Likoni alisema alivyokuwa anaongea mle garini ni kama watu wa Vumba, wa huko huko Vanga. Babu alienda mpaka msikitini Vanga akauliza. Lakini Vanga nayo ilikuwa na yake, mto Umba unatoka juu huko Usambara, Tanzania, mvua ikinyesha milimani kule maji yanashuka kwao hata kama mbingu yao ni nyeupe, na mwaka ule mbingu haikuwa nyeupe. Watu walikuwa wanatafuta watu wao. Hakuna aliyemjua. Angeweza kuwa wa Jimbo, wa Wasini, wa Moa kule ng'ambo ya mpaka, wa Tanga mjini. Redioni nako walifikiria kutangaza, lakini tangazo la kifo linaanza na jina.

Nyanya alipofariki kisutu kikaja kwa dada. Hakukivaa kwenye harusi yake, alinunua kingine Marikiti. Mumewe aliwahi kumwambia wakikate wakitumie maana nguo ikikaa inakufa, hakumjibu na yeye hakurudia. Kila mwaka baada ya mvua ya mwaka anakitoa anakianika kivulini, anakikunja kwenye mikunjo ile ile.

Nlirudi Mombasa jioni, kwenye feri nlisimama ukingoni na ile karatasi mfukoni. Jumamosi asubuhi nkaenda kwa fundi nkamwambia chonga kama ilivyoandikwa. Akauliza na hii Elininyo niandike vipi, maana wengine wanaandika hivi, akanionyesha El Niño kwenye simu na kile kijiti juu ya n. Dada alishanambia hilo. Iandikwe vile vile alivyoandika mzee, ELININYO. Ila N zisigeuke. Fundi akacheka, akachukua tindo.

Ustadh tulimaliza naye hivi: jiwe dogo, lilale chini lisinyanyuke, hakuna kujengea wala vigae wala rangi. Akakubali kwa shingo upande, na siku ya kulilaza alikuja yeye mwenyewe na jembe akashindilia udongo upande ulioliwa na maji kuliko sisi sote. Bamba la zamani hatukulivunja, tuliliziba ufa likabaki pale pale na kuku wake.

Basi nnaandika hii kwa sababu moja. Kama kwenu, Vanga ama Lunga Lunga ama ng'ambo hadi Tanga, kuna mtu mzima mnayemtaja kwamba alitoka Mombasa wakati wa Elninyo 1997 akija harusini na hakufika, mwanamke, dada anakisia alikuwa na umri wa arubaini na kitu, si mrefu, ana pengo la jino la mbele upande wa kushoto na alikuwa akicheka analiziba kwa kiganja, alichukua kikapu cha ukili chenye mistari ya zambarau, muulizeni bibi yenu, muulizeni aliyekuwa bibi harusi mwaka ule. Njooni mshuke kabla ya mto Ramisi muulize kaburi la Elninyo, mtaonyeshwa na mtoto yeyote. Jina lake mje nalo, fundi tutamlipa kwa herufi. Na kisutu kipo, hakijakatwa.